Sentensi Inaposimama Langoni

Katika kitabu cha Abu Ubayd al-Bakri, mwanazuoni wa Cordoba, mna sentensi moja ya ushuru ambayo nimeirudia mara nyingi kuliko ukurasa wowote mwingine kuhusu Ghana ya kale. Inaeleza kwamba mfalme wa nchi hiyo hutoza dinari moja ya dhahabu kwa kila punda anayeingia na mzigo wa chumvi, na dinari mbili mzigo wa chumvi unapotoka. Mzigo wa shaba hulipiwa mithkali 5, wa bidhaa nyingine mithkali 10. Basi. Hakuna sifa wala mshangao, na mtoza ushuru mwenyewe hatajwi. Wanahistoria huichukua sentensi hiyo, wakaipanga kwenye mapato ya dola, wakaendelea na habari za vita na wafalme. Naomba leo tukae nayo kwanza, kama tukaavyo na ubeti wa shairi, tuone imejengwaje.

Tuanze na vitenzi vyake viwili, kuingia na kutoka. Anayesema hivyo sharti awe amesimama mahali pamoja, vitu vikimpitia. Chumvi haikuchimbwa mjini Ghana. Ilishuka kutoka kaskazini, kwenye machimbo ya jangwani, ikielekea kwa watu wa kusini waliokuwa na kiu nayo. Dhahabu nayo haikuwa ya pale. Ile bora kuliko zote, kwa maelezo ya al-Bakri mwenyewe, ilipatikana Ghiyaru, mwendo wa siku 18 kutoka mji wa mfalme. Msemaji wa sentensi hii basi yuko katikati ya vitu viwili asivyovizalisha, anamtazama punda akija kwa uso na kuondoka kwa mgongo. Halafu tazama hesabu. Aliyeuza chumvi yake palepale alilipa dinari moja. Aliyetaka kupita nayo hadi kusini alilipa moja, kisha mbili, jumla tatu. Naamini tofauti hiyo iliwekwa kwa makusudi: ilimshawishi mgeni auze hapo na kugeuza, safari iliyobaki awaachie wenyeji.

Kisha kuna punda. Chumvi ilivuka Sahara migongoni mwa ngamia, na al-Bakri alilijua hilo vizuri. Kwingineko kitabuni ngamia wamejaa. Hapa anahesabu kwa punda. Naisoma hivi: sentensi inaukamata mzigo pale unapobadilisha mnyama, ngamia wanaposhushwa na nchi ya nyasi inapoanza. Neno moja dogo limetuonyesha lango lilipokuwa.

Ufupi wake nao una sababu. Wasomaji wetu wanalijua neno hongo. Kabla halijawa jina la rushwa, lilikuwa jina la malipo ambayo misafara ya karne ya 19 kutoka Pwani iliwapa watemi wa bara, Ugogo hasa, ili ipewe njia na maji. Ukisoma masimulizi ambayo Carl Velten aliyachapisha mwaka 1901 kwa jina Safari za Wasuaheli, hongo huzaa mazungumzo, na mazungumzo huzaa kurasa. Ushuru wa Ghana hauzai mazungumzo. Ulikuwa umejulikana hadi Cordoba, kwa mtu asiyewahi kuikanyaga nchi hiyo, na mfanyabiashara wa Sijilmasa, mji wa misafara kaskazini mwa Sahara, aliweza kuupigia hesabu kabla hajafunga mizigo. Kiwango kilichokwisha kuamuliwa hakihitaji kisa. Ndiyo maana sentensi ni kavu, na ukavu huo unatuambia juu ya nguvu ya dola ile mengi kuliko sifa za wafalme zilizo jirani yake.

Al-Bakri aliandika yapata mwaka 1068. Alikusanya maandishi ya waliomtangulia na habari za waliosafiri, akavipanga katika kitabu alichokiita Kitab al-Masalik wa-l-Mamalik, yaani kitabu cha njia na milki. Jina hilo halikuwa lake peke yake. Ibn Khurradadhbih, ofisa wa posta katika dola ya Abbasiya karne ya 9, alikuwa na kitabu cha jina hilohilo, na al-Istakhri vilevile baada yake. Ni utanzu kamili, uliokulia karibu na ofisi za posta na kodi, na una kanuni zake. Mji hutajwa kwa umbali wake kutoka mji mwingine. Umbali hupimwa kwa siku za mwendo. Kisha hufuata visima, mazao, bei, na watawala. Neno mamalik msomaji wa Kiswahili atalitambua upesi, maana ni ndugu wa mamlaka yetu. Katika jina la utanzu huu njia zimetangulia, mamlaka zikafuata nyuma, na ndivyo sura za ndani zinavyokwenda: hatufiki kwa mfalme yeyote ila kwa kupitia kituo baada ya kituo.

Shuleni tumezoea kutenga fani na maudhui, kila moja na safu yake ubaoni. Kwa al-Bakri zoezi hilo linavunjika. Hoja yake kuhusu namna Ghana ilivyozishika njia za biashara hakuitamka popote. Imo katika mpangilio wa vituo, na ukiuondoa mpangilio, hoja nayo imekwenda.

Angalia anavyotuingiza mjini. Tunafika kwanza kwenye mji wa Waislamu, wenye misikiti 12, maimamu na wanazuoni, visima vya maji matamu na bustani za mboga. Maelezo hapo ni ya kushiba, kwa sababu wapashaji habari wake walilala hapo. Kisha maili 6, nyumba zikiwa zimefuatana njia nzima, hadi mji wa mfalme uitwao al-Ghaba, yaani msitu. Hapo tunaonyeshwa anachoruhusiwa mgeni kuona: mfalme barazani, farasi 10 wenye matandiko ya dhahabu, wana wa wafalme walio chini yake wakiwa na dhahabu nywelini, mbwa wenye kola za dhahabu na fedha. Haya ni macho ya mtu aliyesimama barazani na kuambiwa asisogee. Hatua moja mbele yake kuna misitu yenye walinzi, yenye makaburi ya wafalme, ambamo hakuna aingiaye wala ajuaye kilichomo. Mna magereza humo pia, na aliyetiwa ndani habari zake hukatika. Baada ya hapo twaja kwenye Ghiyaru, na tunachopewa ni idadi ya siku na machache ya kusikia.

Msomaji mwenye haraka atasema al-Bakri aliishiwa habari. Aliishiwa kweli, lakini aliishiwa mahali maalumu. Nathari yake ni nene mjini kwa wageni, ni ya kutazama kwa mbali kwenye baraza la mfalme, na ni nyembamba mno kwenye dhahabu. Wembamba huo unafuata mpaka uleule ambao dola ilimwekea mfanyabiashara. Wakalimani wa mfalme, mweka hazina wake na wengi wa mawaziri wake walikuwa Waislamu. Kwa hiyo njia ya habari kwenda nje ilikuwepo, tena ilipita katikati ya ikulu. Habari za ushuru zilipita humo. Habari za njia ya kufika machimboni hazikupita.

Mahali pamoja tu katika sehemu hii mwandishi anatoka kwenye kuorodhesha na kuingia kwenye kufikiri. Ni pale anapoeleza kwamba mabonge ya dhahabu yakionekana katika machimbo yoyote ya nchi ni mali ya mfalme, na watu huachiwa vumbi. Kama si hivyo, dhahabu ingezagaa mikononi mwa watu hadi ikose thamani. Sarufi imegeuka. Hadi hapo tulikuwa na vitenzi vya kueleza mambo yalivyo, ghafla tumepata sharti na matokeo yake, na mawazo hayo si ya msafiri aliyelala mjini kwa wageni. Ni mawazo ya mweka hazina. Kwa sentensi moja tunasikia sauti ya ikulu yenyewe, imepenya kupitia kwa mkalimani na mfanyabiashara hadi Andalusia. Kama ningeulizwa ushahidi wa sera ya fedha katika Afrika ya karne ya 11, ningemwonyesha muulizaji sharti hilo kabla ya kumwonyesha bonge lolote.

Kuhusu jeshi nitapita haraka. Al-Bakri anasema mfalme aliweza kutoa wapiganaji 200,000, wakiwemo wapiga mishale zaidi ya 40,000. Ni namba za duara, za kumvimbisha kifua msikilizaji, na kifani zimekaa kama sifa za kasida. Ningeziamini zaidi kama angesema askari wangapi walisimama kwenye njia ipi.

Jambo la Awdaghust lina uzito zaidi. Huo ulikuwa mji wa ukingoni mwa jangwa, kaskazini-magharibi ya Ghana, mlango wa chumvi. Ibn Hawqal, mwanajiografia aliyefika Sijilmasa mwaka 951, aliandika kwamba wafalme wa Ghana walihitaji wema wa watawala wa Awdaghust kwa sababu ya chumvi iliyopitia kwao. Karne moja baadaye, kwa al-Bakri, mizani imeelemea upande wa pili: wakazi wa Awdaghust wamekubali kuwa chini ya Ghana, na Murabitun, vuguvugu la Kiislamu la watu wa jangwani, wanaushambulia mji mwaka 446 Hijria, yaani 1054 hadi 1055, wakiwalaumu kwa utii huo. Ukiweka maandishi haya mawili pamoja unaona jambo ambalo hakuna hata mmoja kati yao aliyelieleza. Mfalme aliyetoza punda katikati ya njia alikuwa amefaulu kulishika lango la juu, na akaponyokwa nalo wakati al-Bakri yu hai. Tunka Manin, aliyetawala kuanzia mwaka 1063 baada ya mjomba wake Basi, alirithi ushuru mzuri na mlango uliopungua.

Sasa ruka karne tatu. Dola ni Mali, msimulizi ni Ibn Battuta, na fani imebadilika kabisa. Hapa tuna nafsi ya kwanza, mzee anayesimulia safari zake, na Ibn Juzayy anayeziandika na kuzipamba mjini Fez. Kazi hiyo, iitwayo Rihla, ilikamilika mwaka 1356. Msafara wake uliondoka Sijilmasa Februari 1352. Baada ya siku 25 wako Taghaza, kijiji ambacho nyumba na msikiti vimejengwa kwa mabamba ya chumvi na kuezekwa kwa ngozi za ngamia, bila mti hata mmoja, ambako wachimbaji ni watumwa wa Wamassufa, watu wa jangwani. Bei anazozitaja ni za mzigo wa ngamia: mithkali 8 hadi 10 ukifika mji wa Walata kusini mwa jangwa, 20 hadi 30 katika mji wa Mali, pengine hadi 40. Kati ya namba hizo mbili ndimo ilimokuwa faida ya njia, na ndimo dola ilimoketi.

Sehemu ya kwanza ya safari imeandikwa kwa taharuki. Jangwa lina mashetani, maji yamo viribani, na maisha ya wote yako mikononi mwa mtu mmoja aitwaye takshif. Huyu ni Mmassufa anayekodiwa na msafara atangulie peke yake hadi Walata akiwa na barua, ili watu watoke mwendo wa siku nne kuwapokea wasafiri kwa maji. Akifia njiani, msafara nao huenda ukaangamia. Tunamjua kirangozi wa misafara yetu, aliyekwenda mbele ya wapagazi na kuonekana na kila mtu. Takshif anatoweka upeoni, na hadithi inabaki ikimngoja. Wa msafara huu alilipwa mithkali 100 za dhahabu. Alikuwa chongo, na jicho lililobaki ni gonjwa, lakini hakuna aliyeijua njia kama yeye. Ibn Battuta anaishika picha hiyo kama msanii: njia isiyo na alama inasomwa na mtu asiyeona vizuri. Na sisi tunajifunza kwamba jangwa lenyewe Mali haikulishika. Walilishika Wamassufa, kwa ujuzi uliokodishwa kwa bei kubwa.

Utawala unaanza Walata, na fani inatujulisha hivyo papo hapo. Wafanyabiashara wanaweka mizigo uwanjani, walinzi wanaichukua, wenyewe wanakwenda kwa naibu wa sultani, Farba Husayn. Yeye ameketi juu ya zulia kivulini, wao wamesimama. Wako karibu naye, lakini anasema nao kupitia mkalimani. Ibn Battuta anachukia, anaona ni dharau kwa watu weupe, na anajuta kuja. Hapa ndipo nafsi ya kwanza inapomfaa msomaji kuliko inavyomfaa mwenyewe. Kwa kuwa amekasirika, ameeleza kila kitu: zulia, kivuli, umbali, mpangilio wa askari. Al-Bakri angetupa kiwango cha ushuru. Ibn Battuta ametupa umbo la forodha, na umbo hilo ni umbali unaotengenezwa kwa maneno baina ya watu walio karibu. Atakutana nalo tena ikulu kwa Mansa Sulayman, ambako msemaji humwambia Dugha mkalimani, Dugha akamwambia mwingine, huyo ndiye akamfikishia mfalme. Anadhani ni kiburi tu. Mimi naona namna ya kazi: katika Ghana mkalimani alikuwa mlango wa habari, na katika Mali amewekwa hadi kwenye kituo cha mpakani.

Baada ya Walata inatokea kitu ambacho sijaona wahakiki wetu wakikipa haki yake. Taharuki inakufa. Mashetani wamekwisha, hesabu ya maji imekwisha. Ibn Battuta anakodi kiongozi mmoja tu, kwa kuwa njia ni salama na hapana haja ya kusafiri kwa kundi. Chakula hakibebi, kwa maana vijiji vipo na vipande vya chumvi, shanga na manukato vinatosha kununulia. Na nathari yake, ikiwa imeondolewa hofu, inaanza kutazama miti. Anaeleza miti mikubwa ya zamani, ambayo naamini ni mibuyu, mmoja ukiutia kivuli msafara mzima, mingine ikihifadhi maji ya mvua ndani ya shina. Ndani ya mti mmoja anamkuta mfumaji ameweka kitanda chake cha mfumi, anafuma. Baadaye ataiandika sifa yenyewe waziwazi, kwamba nchini Mali msafiri haogopi mwizi, na mali ya mgeni mweupe aliyefia huko huwekwa kwa mtu mwaminifu miongoni mwa wenzake hadi mrithi aje. Lakini mfumaji yule ametangulia kuthibitisha. Mtu anayechungulia ndani ya shina la mti njiani hana haja ya kutazama nyuma yake.

Na hata hivyo, kwa uwazi wake wote, Rihla inagonga ukuta uleule wa al-Bakri. Akifuatisha mto mkubwa, ambao yeye anauita Nili, Ibn Battuta anataja miji mmoja baada ya mwingine hadi Muli, kisha nchi ya Yufi, mojawapo ya nchi kubwa za watu weusi, ambako anasema mtu mweupe hawezi kufika kwa kuwa angeuawa kabla. Hapo simulizi inapinda na kurudi. Sasa fungua kurasa za mwaka 1331, alipokuwa kwetu Kilwa. Anasema mfanyabiashara mmoja alimwambia kuwa Sofala iko nusu mwezi kutoka Kilwa, na kutoka Sofala hadi Yufi ni mwendo wa mwezi mmoja, na kwamba vumbi la dhahabu huletwa Sofala kutoka Yufi. Jina ni lilelile, kwa dhahabu mbili za pande mbili za bara. Wengi wanaifananisha Yufi ya magharibi na Nupe, katika Nigeria ya leo, na kutoka huko hadi Sofala hakuna mwezi mmoja utakaomfikisha mtu.

Ni kosa la jiografia, na kama fani ni kosa lenye maana kubwa. Yufi ni jina ambalo maandishi haya yanaliweka kila mahali wenye lango walipomzuia mgeni. Kilwa iliishi kwa dhahabu ya Sofala kama Mali ilivyoishi kwa dhahabu ya kusini, na kwenye malango yote mawili mgeni aliambiwa umbali bila kupelekwa. Al-Umari, aliyeandika kabla ya kufa kwake mwaka 1349 habari zilizobaki Cairo baada ya ziara ya Mansa Musa, mfalme wa Mali, ya 1324, anatupa sababu kwa upande wa Mali: wafalme walitambua kwamba kila walipoteka mji wa wachimba dhahabu na kuusilimisha, dhahabu ilipungua, kwa hiyo wakawaacha wachimbaji na dini yao, wakaridhika kupokea kutoka kwao. Mfalme mwenyewe, basi, alijizuia langoni. Tusimshangae mwandishi wa safari akizuiwa hapo pia.

Nimeisifu fani ya Ibn Battuta, na sifa hiyo siiondoi. Lakini uhakiki wa haki utafuata njia yake hadi mwisho. Septemba 1353 aliondoka mji wa Takedda kurudi kaskazini na msafara mkubwa. Mtu aliyempa takshif mmoja kipande kizima, hadi ugonjwa wa jicho lake, anataja kwa kupitia tu kwamba katika msafara huo walikuwemo wanawake watumwa wapatao 600. Hakuna uso, hakuna mkalimani, hakuna kivuli cha mti. Wao nao walipita lango lilelile kama mzigo unaotoka, na Rihla haikutaja jina la hata mmoja wao.